Pesa ya kila mtu kijijini: SAGE, PDM na Busibi mbele ya meza ya LC1

Kiongozi wa kijiji akiulizwa leo kama yuko tayari kupokea jaribio la kipato cha msingi kwa wote, yaani pesa anayolipwa kila mtu mara kwa mara bila masharti, hana haja ya kutafuta mifano ya mbali. Uganda imeshatia pesa mikononi mwa wananchi kwa njia kadhaa, na kila njia imepita mbele ya meza ya LC1, yaani baraza la kijiji. Hapa tunazipima tatu: SAGE, ruzuku ya serikali kwa wazee; PDM, mpango wa serikali wa fedha za maendeleo kwa kila parishi (eneo la utawala lenye vijiji kadhaa); na mpango wa kijiji cha Busibi karibu na Fort Portal. Tunauliza jambo moja tu: pesa inapita mikono mingapi kabla haijamfikia mwenyewe, na baraza la mtaa linafanya kazi gani hapo katikati? Kwa kipimo hicho Busibi inaongoza, SAGE inafuata, na PDM, pamoja na wingi wa fedha zake, iko nyuma sana.

SAGE: kanuni nzuri, kiasi kidogo

SAGE ilianza 2010 kama majaribio katika wilaya chache, Uingereza na Ireland zikibeba sehemu kubwa ya gharama. Mzee aliingia akiwa na miaka 65, na Karamoja miaka 60. Huduma ilipopelekwa nchi nzima, umri wa wanaoingia wapya ukapandishwa hadi 80. Malipo ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na yamekaa hapo hapo kwa zaidi ya miaka kumi huku bei ya sukari, sabuni na dawa ikiendelea kupanda. Kwa kawaida hulipwa kwa mkupuo wa miezi mitatu, yaani 75,000, kupitia PostBank kwenye kituo cha malipo. Kituo kikiwa mbali na boda ikatoza 5,000 kwenda na 5,000 kurudi, mzee amebaki na 65,000 kwa robo mwaka.

Hata hivyo kanuni yake ni safi. Hakuna kikundi cha kujiunga, hakuna andiko la mradi, hakuna riba. Ukiwa na umri, unapata. Mwenyekiti wa LC hawezi kumwingiza mjomba wake wa miaka 60, wala kumfuta jirani aliyegombana naye. Ni sifa kubwa kuliko inavyoonekana, na tutairudia tukifika PDM.

Udhaifu wa SAGE uko kwenye kitambulisho. Mfumo unasoma umri kutoka rekodi za NIRA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, na wakati wa uandikishaji mkubwa wa 2014 wazee wengi hawakujua mwaka wao wa kuzaliwa, hivyo makarani wakakisia. Kabla ya kumbebesha mzee safari ya gombolola (makao ya tarafa), shika kadi yake na usome NIN, yaani namba ya kitambulisho cha taifa. Ina herufi na tarakimu 14. Mbili za mwanzo ni CM kwa mwanamume au CF kwa mwanamke, na mbili zinazofuata ni mwaka wa kuzaliwa. Mama ambaye namba yake inaanza na CF44 ameandikwa kuzaliwa 1944. Ikianza na CF56, mfumo hautamkubali hata kijiji kizima kiape kwamba ana miaka 85.

Hapo barua ya LC peke yake haitoshi, maana LC haina uwezo wa kugusa tarehe iliyoko NIRA. Inayosaidia ni barua hiyo ikiambatana na ushahidi wa zamani: kadi ya ubatizo, cheti cha ndoa ya kanisani au msikitini, au vitambulisho vya watoto. Mama aliyeandikwa miaka 65 huku kitambulisho cha kifungua mimba wake kikionyesha 58 ana hoja ambayo karani hawezi kuipuuza kirahisi. Baraza linalojali wazee wake lifanye ukaguzi huu kijiji kizima kwa siku moja, nyumba kwa nyumba, badala ya kungoja mzee mmoja mmoja aje akiwa amekata tamaa.

Tatizo la pili ni alama za vidole. Mikono iliyoshika jembe miaka 60 haina tena mistari ambayo mashine inaisoma kwa urahisi. Siku ya usajili, sisitiza vidole vyote vijaribiwe na kinachosoma vizuri ndicho kitumike. Mikono ioshwe udongo, ikaushwe, na ikiwa imepasuka kwa ukavu ipakwe mafuta kidogo na kupanguswa. Muhimu zaidi, mtu wa kumpokelea mzee aandikishwe siku hiyo hiyo, mzee akiwa bado na nguvu. Familia nyingi hulikumbuka jambo hili mzee akiwa kitandani na malipo yameshasimama.

PDM: fedha nyingi, mikono mingi zaidi

PDM ilizinduliwa Kibuku tarehe 26 Februari 2022. Kila parishi, na ziko zaidi ya 10,000, imepangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka. Walengwa, kwa hesabu ya wakati wa uzinduzi, walikuwa asilimia 39 ya kaya za nchi, zile zinazolima kwa ajili ya tumbo tu. Kaya hupata hadi milioni moja kupitia SACCO (chama cha akiba na mikopo) ya parishi, na mgao umepangwa hivi: wanawake asilimia 30, vijana 30, wanaume 20, wazee 10, watu wenye ulemavu 10.

Jambo la kwanza ambalo kila mwenyekiti anapaswa kulisema wazi kikaoni ni kwamba huu ni mkopo. Riba yake ni asilimia 6 kwa mwaka, kwa hiyo milioni moja inazaa deni la shilingi 60,000 kila mwaka hadi irudi. Watu wengi waliambiwa kwa mdomo kwamba serikali imewagawia pesa, wakatia sahihi bila kusoma, na sasa wanashangaa wakidaiwa. Kuitangaza PDM kama kipato cha msingi ni kuwatega wananchi.

Hesabu mikono. Kaya inaandikishwa kwenye mfumo. Mwenye kaya anajiunga na kikundi cha mradi, tuseme cha kahawa, kuku au nguruwe. Kikundi kinakuwa mwanachama wa SACCO. Jina linajadiliwa kikundini, linapita kwa kamati ya SACCO na chifu wa parishi, linahakikiwa, kisha pesa inaingia kwenye WENDI, akaunti ya simu ya PostBank. Katika kila kituo yupo mtu anayeweza kukuchelewesha, na anayeweza kukuchelewesha anaweza kukuomba kitu. Malalamiko ya watu kukatwa sehemu ya milioni yao yamesikika pande nyingi za nchi hadi rais mwenyewe akaonya hadharani. Onyo peke yake halipunguzi vituo.

Upungufu mwingine ni wa kalenda. Pesa ya mahindi ikiingia wakati majirani wanapalilia, mkopaji ana njia mbili tu, kukaa nayo hadi msimu ujao au kuila. Wengi huila, na si kwa ujinga: njaa, karo na hospitali havingoji msimu. Wafugaji nao hujikwaa palepale. Nguruwe hununuliwa kabla banda halijasimama, homa ya nguruwe inapita, na deni linabaki. Vifaranga vinaletwa kabla ya taa ya joto na chanjo, na wiki ya pili nusu wameshakufa. Mwenye mradi wa mifugo atenge kwanza fedha za banda, chakula na chanjo, na mnyama awe wa mwisho kununuliwa.

Halafu lipo suala la kaya. PDM huhesabu kaya, lakini kaya si mtu. Mzee mwenye wake watatu kwenye boma moja ni kaya moja au tatu? Binti wa miaka 24 anayeishi kwa wazazi wake na mtoto mgongoni yuko upande gani? Maswali haya yameleta ugomvi mkali vijijini, na kiongozi, hata awe mzuri kiasi gani, hawezi kuyajibu bila mtu mmoja kuona ameonewa. Ukilipa kila mtu mzima kwa jina lake, yanatoweka.

Hesabu ya haraka inaonyesha kwa nini milioni 100 hizo haziwezi kugeuzwa kuwa pesa ya wote kwa parishi nzima. Parishi yenye watu wazima 3,000 ingegawana shilingi 33,333 kwa kila mmoja kwa mwaka, yaani kama 2,777 kwa mwezi. Lakini fedha hizo hizo zingelipa watu wazima 333, ambao ni kijiji kimoja cha kiasi, shilingi 25,000 kila mwezi kwa mwaka mzima. Hicho ndicho kipimo cha jaribio ambalo baraza linaweza kulibeba: kijiji kimoja, wote ndani yake.

Busibi: kila mtu, bila swali

Shirika la Eight la Ubelgiji lilianza kulipa kijiji cha Busibi Januari 2017. Walikuwa watu wazima 56 na watoto 88. Mtu mzima alipata takriban dola 18 kwa mwezi, kama shilingi 65,000 kwa kiwango cha wakati ule, na kila mtoto nusu yake. Pesa ilikuja kwa simu kwa miaka miwili. Hakuna aliyeulizwa atanunua nini, na hakuna aliyeachwa kwa sababu ana ng'ombe wawili.

Tunaipa nafasi ya kwanza kwa sababu hakuna cha kuhonga. Orodha ya wote haina nafasi ya kuuza. Mwenyekiti hagombani na mtu kuhusu nani ni maskini zaidi, na mwenye nacho hana sababu ya kuhujumu mpango ambao naye yumo.

Kasoro yake ni muda. Utafiti mkubwa wa malipo ya shirika la GiveDirectly nchini Kenya, hasa Siaya na Bomet, ulilinganisha vijiji 44 vilivyoahidiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka 12, vijiji 80 vya miaka miwili, na vijiji 71 vilivyopewa fedha zote kwa mkupuo. Matokeo yaliyotolewa 2023 yalionyesha kwamba waliolipwa kila mwezi kwa miaka miwili tu walianzisha biashara chache kuliko wenzao wa mkupuo na wa miaka 12. Mantiki yake inaeleweka: anayejua pesa itaendelea hujibana, huingia upatu, hukusanya mtaji, ilhali anayejua itakatika karibuni huitumia kwa chakula na madeni. Chakula si kitu cha kudharau, ila ahadi ndefu hufanya kazi ambayo ahadi fupi haiwezi.

Nasi tuna ushahidi wetu wa mkupuo. Mwaka 2008 serikali ilitoa ruzuku kwa vikundi vya vijana kaskazini mwa Uganda, wastani wa dola 382 kwa kila kijana. Baada ya miaka minne mapato yao yalikuwa juu ya wenzao kwa asilimia 38. Baada ya miaka tisa pengo la mapato lilikuwa limefungwa, kwa kuwa wenzao nao walishapata njia zao. Mkupuo humwanzisha mtu mapema, lakini haumbebi maisha yake yote. Kwa hiyo mfadhili akija na fedha za miaka miwili tu, baraza limwombe sehemu yake, tuseme malipo ya miezi sita, itolewe kwa pamoja mwanzoni, kisha iliyobaki ije kila mwezi.

Kazi halisi ya baraza

Nchi nyingine zimeshaonyesha mpaka wa mabaraza uko wapi. Huko Scotland mabaraza manne, Glasgow, Edinburgh, Fife na North Ayrshire, yalichunguza kwa kina uwezekano wa jaribio kama hili, na jibu likawa kwamba bila serikali kuu kufungua milango ya kodi na mafao, baraza peke yake haliwezi. Kwetu kamba ni fupi zaidi. Kodi ya kichwa ilifutwa 2005, na kodi ya huduma iliyokuja 2008 haikuziba pengo. Wilaya inaishi kwa fedha za serikali kuu zilizokwisha kupangiwa matumizi. Kwa hiyo LC haitakiwi kuahidi pesa. Inatakiwa kuleta vitu vitatu ambavyo mfadhili hawezi kuvinunua: ruhusa, orodha na usuluhishi.

Ruhusa ni suala la sheria. Chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2016, shirika haliwezi kuanza kazi katika eneo bila pendekezo la kamati ya wilaya inayosimamia mashirika na bila makubaliano ya maandishi na serikali ya mtaa. Hapo ndipo nguvu ya baraza ilipo, na wengi huipoteza kwa kusaini karatasi wasiyoisoma. Masharti yote tunayoyataja hapa chini yaingie kwenye makubaliano hayo kabla ya sahihi.

Orodha ndiyo kazi nzito. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, baraza la kijiji ni wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Mwenyekiti na wenzake tisa ni kamati tendaji tu. Watu wanaopaswa kulipwa kipato cha msingi ndio hao hao baraza lenyewe. Basi orodha isiandikwe chumbani. Isomwe kikaoni jina kwa jina, watu wakiitika, kisha ibandikwe mahali pa wazi kwa wiki mbili: dukani, kanisani, msikitini, kisimani. Itangazwe tarehe moja ya kufunga, na anayehamia baada ya hapo hayumo. Tarehe hiyo iwe kabla habari za pesa hazijasambaa, la sivyo kila nyumba itapata wageni wa ghafla.

Mwenyekiti wa LC1 hulipwa shilingi 120,000 kwa mwaka mzima. Ukimpa kazi ya kuhakiki watu 333 kwa siku nne bila chochote, unamsukuma kwenye majaribu. Posho ya siku za kuandika orodha ilipwe na mradi, na kiasi chake kitangazwe kikaoni mbele ya wote.

Misaada ya korona ya Julai 2021 imeacha somo la laini. Serikali ilituma shilingi 100,000 kwa watu wapatao nusu milioni wa mijini, orodha zikianzia kwa viongozi wa mitaa. Palipokwama mara nyingi ni pale jina la NIN lilipokataana na jina la laini: namba ya mume, ya mtoto aliye Kampala, au laini iliyonunuliwa barabarani ikiwa tayari imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Dawa yake ni kuleta wakala wa kampuni ya simu kijijini kwa siku mbili na kumsajilia kila mtu laini yake kwa kadi yake. Wasio na simu wapewe ya batani. Laini ikikaa miezi kadhaa bila kutumika hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine, kwa hiyo wazee wakumbushwe kuitumia hata kwa kupiga simu moja kila mwezi. Asiyeona vizuri achague mwenyewe mtu wa kumsaidia, na mtu huyo asiwe kiongozi wala ajenti.

Ada nayo iwekwe kwenye bajeti. Kutoa pesa kwenye simu kuna kodi ya asilimia 0.5, yaani shilingi 125 kwa kila 25,000, juu ya ada ya kawaida ya kampuni. Ada hupanda kwa madaraja, hivyo anayetoa 5,000 mara tano hulipa zaidi sana kuliko anayetoa mara moja. Mradi utume na ya kutolea, na kiasi hicho kionekane kwenye ujumbe ili mtu ajue 25,000 yake imefika kamili.

Jambo ambalo wapangaji wa mijini hawalioni ni keshi ya ajenti. Watu 333 wakilipwa siku moja wanahitaji zaidi ya shilingi milioni nane taslimu, na ajenti wa kijijini mara nyingi hana hata milioni moja. Matokeo yake ni foleni, watu kuambiwa warudi kesho, na wengine kuombwa "ya haraka". Kigawe kijiji mafungu manne, kila fungu lilipwe wiki yake, na ajenti ajulishwe tarehe mapema apange keshi. Wasiwepo pungufu ya ajenti wawili, maana akiwa mmoja anajipangia bei anayotaka.

Usuluhishi unabaki kwa LC, lakini si malalamiko yote. Kifo, ndoa, kuhama na ugomvi wa mume na mke kuhusu simu vinaweza kusikilizwa na kamati, na wanawake waliomo kwenye kamati washirikishwe hapo. Lakini malalamiko dhidi ya kiongozi au ajenti yawe na namba ya simu ya bure inayopokelewa nje ya wilaya, kwa lugha ya mahali pamoja na Kiswahili. Namba hiyo ibandikwe juu ya ile ile karatasi ya majina, na chini yake iandikwe tarehe ya malipo ya mwisho tangu siku ya kwanza, ili atakayekopa dukani kwa kutegemea pesa hii na atakayemkopesha wote wawili waijue.